UZI: "Sistimu iko chini" – maswali tunayosahau kuwauliza wanaotuahidi kaunti ya dijitali

1/ Kila msimu wa kampeni utasikia hii: "Tutaweka kila kitu kwa kompyuta, wizi uishe." Upande wa pili unajibu: "Hizo kompyuta ndizo mlango wa wizi." Wote wanapigiwa makofi. Kama kawaida yetu hapa, hakuna chama wala mwanasiasa nitakayemtaja. Leo tumuongelee mtu ambaye huwa hatajwi kabisa kwenye mdahalo huo: yule mtu wa IT wa kaunti.

2/ Kwanza kisa. Shangazi yangu anauza mitumba katika mji mmoja upande huu wa Mlima Kenya, mji wenyewe niuache. Alilipia leseni ya biashara kwa M-Pesa na ujumbe ukaingia vizuri. Kwenda kuchukua karatasi akaambiwa, "Mama, sistimu iko chini, rudi kesho." Kesho ikawa wiki. Kanjo wakapita. Ujumbe wa simu hawakutaka hata kuuangalia, wanataka karatasi. Kibanda kikafungwa siku mbili.

3/ Mimi nilikasirikia "watu wa kompyuta." Halafu nikaongea na jamaa tuliyesoma naye sekondari, ambaye alifanya mafunzo ya nyanjani kwa idara ya IT ya kaunti fulani. Siku yake ilikuwa hivi: asubuhi printa ya mapato imekwama. Saa nne bosi fulani amesahau nenosiri. Saa sita intaneti imekatika kwa sababu bili haijalipwa. Mchana projekta ya mkutano wa wakubwa haiwaki. Na mfumo wa ushuru ukizima? Anapiga simu kwa kampuni iliyoutengeneza, kisha anangoja kama shangazi tu. Alikuwa na ufunguo wa chumba cha seva, lakini ufunguo wa mfumo wenyewe hakuwa nao.

4/ Historia kidogo. Kabla ya 2013 miji yetu iliendeshwa na mabaraza, na mengi yalitumia mfumo mmoja wa mapato ulioitwa LAIFOMS. Ugatuzi ulipoanza baada ya uchaguzi wa 2013, tukapata kaunti 47, na kila moja ikawa na uhuru wa kutafuta mfumo wake. Ndiyo maana kuvuka tu kutoka Embu kwenda kaunti jirani kunaweza kukupeleka kwa namba nyingine ya malipo na risiti ya aina nyingine.

5/ Hapa ndipo mijadala huchanganya mambo. Kuna mifumo mitatu tofauti:
– Ya mapato: leseni, maegesho, ushuru wa mazao na soko. Hii ni ya kaunti.
– IFMIS, ya kulipa wakandarasi na wauzaji. Hii inasimamiwa na Hazina ya Kitaifa kule Nairobi.
– Ya mishahara. Kwa miaka mingi ilikuwa IPPD, nayo pia ilitoka serikali ya kitaifa.
Kwa hiyo mgombea wa ugavana akikuambia "nitarekebisha IFMIS," muulize atairekebishaje akiwa Embu.

6/ Tena si kila pesa iliyochelewa imecheleweshwa na kompyuta. Kifungu cha 228 cha Katiba kinasema lazima Msimamizi wa Bajeti aidhinishe kabla kaunti haijatoa pesa kwenye mfuko wake. Na ripoti za ofisi hiyohiyo zimelalamika mara nyingi kwamba kuna kaunti zinazolipa baadhi ya wafanyakazi kwa orodha za mkono, nje ya mfumo. Maana yake mfumo upo, ila kuna anayeuzunguka.

7/ Sasa, nani yuko sawa? Wa kwanza ana hoja. Kitabu cha risiti unaweza kuchapisha cha bandia mtaani, lakini kompyuta inaandika nani alifanya nini na saa ngapi. Shida ni kwamba hiyo inasaidia tu kama kila afisa ana nenosiri lake. Jamaa yangu alikuta nenosiri moja likitumiwa na watu sita, limeandikwa kwa karatasi na kubandikwa kando ya skrini. Risiti ikifutwa hapo, utamshika nani?

8/ Na huyo kijana wa IT anaona yote. Lakini wengi wa aina yake wako kwa kandarasi fupi, na mtu wa kumripotia ndiye huyohuyo anayetumia nenosiri lisilo lake. Ukiwa na kandarasi inayoisha mwezi wa sita, utasema? Binafsi sijui kama ningesema. Ndiyo maana nasema ajira ya mtu wa IT ni suala la siasa kabisa, tusiliite la kiufundi.

9/ Mifano miwili ya kukumbuka. Nairobi ilikabidhi ukusanyaji wa kidijitali kwa kampuni binafsi 2014. Mkataba ukaisha 2019, na 2020 KRA ikaingia. Kila mabadiliko ya aina hiyo yanaleta swali: rekodi za waliolipa zinabaki kwa nani? Halafu Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa mtandaoni, huduma zikakwama nchi nzima. Ukiweka mayai yote kwa kikapu kimoja, tuambie pia mpango wako wa siku kikapu kitaanguka.

10/ Kwa hiyo mdahalo ujao, badala ya "mtaleta sistimu lini?" tuulize haya:
– Mkataba na kampuni ukiisha, data ni ya nani?
– Nani anaweza kufuta risiti, na nani anaona akifuta?
– Sistimu ikilala, aliyelipa analindwaje? Ujumbe wa M-Pesa utakubaliwa na kanjo ama hapana?
– Watu wa IT wa kudumu ni wangapi, na pesa za matengenezo ziko wapi kwenye bajeti?

11/ Na si lazima ungoje mdahalo. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Mkataba wa mfumo wa mapato unaweza kuuombea barua. Kwenye bajeti, karatasi ya mkakati wa fedha inafaa kufika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio Aprili 30. Hapo katikati ndipo kelele zetu zinafaa kitu. Juni ni kupiga domo tu.

12/ Shangazi alipata karatasi yake mwishowe. Siku mbili za biashara hakuna aliyemrudishia, na hakuna aliyeandika mahali popote kwamba alizipoteza. Mtu akisimama jukwaani kukuahidi kaunti ya dijitali, mkumbuke yeye, halafu uulize.

Kama umewahi kulipa ukaambiwa sistimu iko chini, andika hapo chini ilikuchukua siku ngapi. Jina la afisa usiliweke, tafadhali.