Pazia Lililo Nyuma ya Macho

Wazee walisema, "Macho hayana pazia." Maana yake, mwenye macho huona yaliyo mbele yake, apende asipende. Mithali hii ni njema, wala hatutaki kuipinga. Lakini wataalamu wamegundua kwamba nyuma ya macho, ndani ya ubongo, pazia lipo, na bila hilo tusingeona vizuri. Yafaa kila mzazi alijue, maana likishuka pasipofaa, mtoto aweza kupoteza nguvu ya jicho moja na watu wa nyumbani wasitambue.

Kwanza fanyeni jaribio dogo. Twaeni bahasha kuukuu ya kaki, mkate vipande viwili vilivyo sawa, vidogo kama ukucha wa kidole gumba. Kimoja kiwekeni juu ya karatasi nyeupe, cha pili juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Vitazameni pamoja. Kile kilicho juu ya weusi kitaonekana cheupe kuliko mwenzake, ingawa vyote vimetoka katika bahasha moja. Je, macho yamewadanganya? Hasha! Macho hayapimi mwanga kama tupimavyo unga kwa kibaba. Hulinganisha kila kitu na jirani yake.

Hulinganishaje? Katika jicho na katika ubongo zimo chembe hai ndogo mno zinazopashana habari. Nyingi huziambia nyingine, "Semeni!" Lakini ziko ambazo kazi yake ni kuziambia, "Nyamazeni!" Katika tabaka la juu la ubongo, chembe hizi za kunyamazisha ni kama moja katika kila tano.

Bwana H. Keffer Hartline wa Marekani aliuona unyamazishaji huo katika jicho la Limulus, mnyama wa baharini mwenye gamba mfano wa kwato ya farasi. Sehemu moja ya jicho ikimulikwa, huzipunguzia nguvu sehemu zilizo jirani. Kwa hiyo pale weupe unapokutana na weusi, mpaka huonekana wazi. Mwaka 1967 Bwana Hartline alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wao juu ya kuona. Ni kama baraza la kijiji: watu mia wakisema kwa mara moja, hakuna shauri litakalosikika. Lazima wengine wanyamaze.

Sasa tuje kwa mtoto. Macho mawili hupeleka picha mbili, na ubongo huziunganisha kuwa moja. Mtoto akiwa na makengeza, picha hizo hazipatani, naye angeona kila kitu mara mbili. Basi ubongo hujiokoa kwa kulinyamazisha jicho moja. Likiwa ni lile lile kila siku, uwezo wake wa kuona haukui. Huitwa jicho vivu. Hata mtoto asiye na makengeza aweza kulipata, kama jicho moja lahitaji miwani kali na jingine halihitaji.

Mwaka 1963 Bwana David Hubel na Bwana Torsten Wiesel, huko Boston, walieleza jinsi walivyofunga jicho moja la paka wachanga. Baada ya majuma kadhaa walilifungua. Jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini chembe za ubongo karibu zote zilikuwa zimeacha kulisikiliza. Paka wazima waliofungwa jicho hawakudhurika hivyo. Yaani uko wakati wa utoto ambapo mlango wa kujifunza kuona u wazi, na baadaye hujifunga. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Tena mwaka 1998 Bwana Takao Hensch na wenzake walionyesha kwa panya kwamba chembe za kunyamazisha zikikosa nguvu, mlango huo haufunguki. Wakiwapa panya dawa ya kuongeza unyamazishaji, hufunguka. Kumbe chembe hizi ndizo zenye ufunguo!

Samaki mkunje angali mbichi. Wako wazazi wasemao, "Tungoje, akikua yatanyooka." Kweli, macho ya mtoto mchanga huweza kupotoka kidogo miezi ya kwanza. Lakini akipita miezi minne na bado yamepotoka, mpelekeni kwa daktari wa macho. Matibabu huwa ni miwani, au kulifunika jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lifanye kazi. Mtoto atalia na kukivua kifuniko, mvumilieni. Matibabu hufaa zaidi kabla ya miaka saba, lakini aliyezidi hapo naye apelekwe, maana wengine hupata nafuu. Msilifunike jicho bila amri ya daktari, maana hata jicho zima laweza kudhoofika. Wala msitie dawa za majani. Kasoro ya jicho vivu imo katika ubongo. Na mboni iking'aa nyeupe msingoje hata siku moja: huenda ni mtoto wa jicho, au saratani.

Kesho asubuhi, mtoto akicheza, mzibeni jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Akitulia mkiziba la kushoto, lakini akilia na kuusukuma mkono mkiziba la kulia, basi la kulia ndilo analolitegemea. Mwambieni daktari habari hiyo mapema.