Matombo, Ambako Ardhi Hufuata Ukoo wa Mama

Mama msomaji, ukishuka stendi ya Msamvu, mjini Morogoro, utaiona Milima ya Uluguru imejifunika wingu. Wengi wetu huitazama tu dirishani, tukiwahi kufika Dodoma, Iringa au Dar es Salaam. Mwezi huu tunakukaribisha tuzunguke nyuma ya milima hiyo hadi Matombo.

Njia ni ile ya Bigwa kwenda Kisaki, inayopita mashariki ya milima. Upande huo upepo wa Bahari ya Hindi hupanda mlimani na kuangusha mvua yake, ndiyo maana mashamba hayakosi ukijani: migomba, minazi, mihogo, michungwa, mpunga mabondeni, na viungo kama karafuu na mdalasini. Vijito vya huko huingia Mto Ruvu, unaowapa maji watu wa Dar es Salaam. Mama wa mjini anayefungua bomba lake ana deni kwa mama wa Uluguru anayeiacha miti isimame penye chemchemi.

Kwa Kiluguru, Matombo maana yake ni matiti. Jina hilo limetokana na vilele viwili vya mawe vilivyosimama pamoja. Nalo lapatana na desturi za wenyeji, kwani Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake. Kwa baba hupata jina la mtala. Ardhi nayo ilishikwa na ukoo. Baba aliweza kumpa mwanawe shamba alime, lakini mwishowe lilirudi kwa ukoo wa baba huyo. Hata hivyo tusidhani kwamba mama ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Waliosimamia ugawaji kwa kawaida walikuwa wajomba na wazee wa ukoo.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa, waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, walifika Matombo na kuanzisha misheni mwaka 1897. Hivyo Injili imesikika kwenye miteremko hiyo kwa zaidi ya karne moja.

Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani. Nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko, lakini kazi ilikuwa nzito, na katika miteremko mikali udongo mwembamba wenye rutuba ulifukiwa chini ya udongo usiozaa. Watu waliona jasho lao halileti chakula. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Hapo tunajifunza kwamba anayetaka kuiponya ardhi sharti kwanza amsikilize anayeilima.

Akina mama, habari hii yatuhusu hata sisi tusio Waluguru. Mabinti wetu huolewa mbali au huhamia mjini, na mzee aliyejua mipaka ya shamba akifa, ugomvi huanza kabla ya arobaini. Tukumbuke mabinti watano wa Selofehadi katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Hawakunung'unika jikoni. Walisimama mbele ya Musa na kusanyiko lote wakaomba urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Kijiji kinaweza kutoa hati ya haki miliki ya kimila, na mume na mke wanaweza kuandikwa pamoja.

Basi, keti na mwenzi wako mkiwa na amani, si siku ya ugomvi. Waulizeni wazee wa pande zote mbili: shamba hili lilitoka kwa nani, na mipaka yake ni mti gani au kijito gani? Andikeni katika daftari, mwende nalo kwa halmashauri ya kijiji mkiwa na majirani wa mpakani. Kisha wapelekeni watoto, wasichana kwa wavulana, waitembee mipaka hiyo kwa miguu yao wenyewe.