D nne na mtoto wa Majimoto

Kijana aliyemaliza kidato cha nne akitaka kusomea ustawi wa jamii, swali la kwanza analokutana nalo ni la hesabu: una D ngapi? Akiwa nazo nne, katika masomo yasiyo ya dini, anapokelewa. Ataanza na astashahada ya awali, ambayo ni ngazi ya 4 katika mfumo wa tuzo unaosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, atapanda ngazi ya 5, na akimaliza ya 6 ana stashahada yake mkononi. Aliyetoka kidato cha sita na alama kuu moja na alama ndogo moja anaingia stashahada bila kuanzia chini. Basi, udahili umekwisha. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kumuuguza mtu, kama anaijua lugha ya wazee wa kwao, au kama mtoto akimpa siri ataifikisha inakostahili bila kuimwaga sokoni.

Naliandika hili nikiifikiria Majimoto. Ni kata ya Halmashauri ya Mpimbwe, wilayani Mlele, mkoani Katavi, chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, na jina lake limetokana na chemchemi za maji ya moto. Maisha ya watu wa huko ni mpunga na mifugo. Wapo Wapimbwe wenyeji, wapo Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao, wapo Wafipa, na wapo wengi waliofuata ardhi na biashara. Mkoa wenyewe ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604 katika eneo lake. Ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Katika miaka kumi watu wameongezeka zaidi ya maradufu, na wengi wa walioongezeka ni familia zilizohamia ugenini na kuwaacha nyuma shangazi, mjomba na bibi. Hao ndio waliokuwa ustawi wa jamii kabla ofisi yenye jina hilo haijakuwapo. Wasipokuwepo, mtoto anabaki na wazazi wake tu, na wazazi wenyewe wakati wa msimu wako shambani.

Matokeo yake yalionekana kwenye takwimu zamani. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 uliiweka Katavi juu ya mikoa yote kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, ulionyesha wastani wa taifa umeshuka hadi 22. Katavi nayo ilishuka, lakini ilibaki miongoni mwa mikoa yenye tatizo kubwa.

Sasa tuiangalie kazi yenyewe, kwa sababu mijadala mingi ya mitaala huandikwa kana kwamba kazi inajulikana. Chukua kesi ya aina inayojirudia kila msimu wa mpunga. Msichana wa kidato cha pili amepanga chumba karibu na shule, geto kama wanavyoliita wanafunzi, kwa kuwa nyumbani ni mbali. Wazazi wamehamia shambani. Amepata mimba. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inasema anayempa mimba mwanafunzi atafungwa miaka 30. Ila kabla faili halijafunguliwa polisi, pande mbili zimeshakaa. Ng'ombe wametajwa, mzee amekubaliwa awe shahidi, na msichana ameshafundishwa amtaje mwanamume mpita njia ambaye hakuna anayejua alikoelekea. Wenyewe wanasema wanayamaliza kifamilia.

Hapo ndipo anapoitwa mtu wa ustawi wa jamii. Kwanza lazima athibitishe umri. Cheti cha kuzaliwa hakuna. Kadi ya kliniki ipo, lakini imeloa masika mawili yaliyopita na mwandiko wa nesi umefifia. Rejista ya shule ina mwaka ulioandikwa kwa kukisia siku ya kuanza darasa la kwanza. Inabidi amtafute mkunga au jirani aliyejifungua mwaka huohuo, aulize mvua ilikuwaje, nani alikuwa mwenyekiti wa kijiji, ajenge tarehe kutoka kwenye kumbukumbu za watu. Kisha azungumze na msichana peke yake, na baba anasimama mlangoni. Ahakikishe fomu ya polisi ya PF3 imejazwa na mtoto amepimwa. Ajue usiku ule msichana atalala kwa nani, maana akirudi kwenye nyumba ileile maneno yatabadilika kabla ya asubuhi. Miezi mitatu baadaye, siku ya mahakama, ahakikishe mama bado yuko upande wa mwanawe.

Ni kipi kati ya hayo kinapimwa na D nne? Na ni kipi kinafundishwa hadi mwanafunzi akakiweza?

Simaanishi kuwa mtaala uliopo ni mtupu. Saikolojia ya makuzi, sheria, unasihi, kazi na mtu mmoja mmoja, kazi na vikundi, kazi na jamii: yote yanahitajika, na mwenye kuyadharau hajawahi kukaa na mtoto aliyeacha kusema. Tatizo ni kwamba mengi yanafundishwa kama yalivyokuja. Huduma hii Tanganyika iliingia kwa sura ya kiserikali baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Waingereza walipofungua vituo kwa ajili ya askari waliorudi, na baadaye ikaongezwa uangalizi wa wahalifu wanaotumikia adhabu nje ya gereza. Ilikuwa kazi ya mijini. Mwaka 1973 Bunge lilitunga sheria iliyoanzisha chuo chetu cha taifa cha ustawi wa jamii, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam. Ulikuwa uamuzi mkubwa wa nchi changa, na kwa miaka mingi taasisi hiyo ndiyo iliyobeba mzigo huu peke yake. Lakini nadharia zilizoingia darasani zilizaliwa London na Chicago, na mteja wake ni mtu anayekuja ofisini kwa miadi.

Na hata huko Chicago mambo hayakuanzia ofisini. Jane Addams, anayetajwa katika kila kozi ya utangulizi, alihamia mwaka 1889 katika mtaa wa wahamiaji maskini pamoja na mwenzake Ellen Gates Starr, wakafungua nyumba iliyoitwa Hull House na kuishi humo. Alijifunza mtaa kwa kuwa jirani, na mwaka 1931 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Wanafunzi wetu wanakariri jina lake kwa ajili ya mtihani. Ningependa wakariri na njia yake.

Njia hiyo tumeshawahi kuijaribu. Kuanzia mwaka 2006 Taasisi ya Ustawi wa Jamii ilishirikiana na chuo chenye jina la huyohuyo Jane Addams, cha Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, kuandaa mafunzo ya wahudumu wa ustawi wa jamii wa ngazi ya kijiji. Janga la UKIMWI lilikuwa limeacha yatima wengi kuliko maofisa. Watu wa kijijini walikaa darasani siku chache, wakarudi kufanya kazi chini ya msimamizi kwa miezi sita, kisha wakarudi darasani kumalizia. Baadaye ikaja kozi ya mwaka mmoja ya wasaidizi wa ustawi wa jamii, iliyolenga ngazi ya kata. Walioanzia kijijini walikuwa na kitu ambacho mgeni hukitafuta miaka: walijua ni nyumba ipi usiku haina amani.

Leo mwanamke wa namna hiyo, aliyejitolea kwenye kamati ya kijiji miaka kumi, akitaka stashahada ataambiwa arudi na vyeti vya kidato cha nne. Hapa ndipo sifa za kujiunga zinapohitaji marekebisho ya kwanza. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini: mwashi anapimwa kwa ukuta anaoujenga mbele ya mtahini, akifaulu anapewa cheti. Sioni sababu ya kutokuwa na utaratibu kama huo kwa aliyewahudumia watoto, wazee na wagonjwa. Apewe tathmini ya maandishi na ya vitendo, akifaulu aanze ngazi ya 4. Akishindwa masomo ya darasani ataanguka kama wengine.

Kuna na msichana yule wa geto. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu waliokatishwa masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, na wengi wanapitia njia mbadala chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, wakifanya mtihani wa maarifa, kisha wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. D zake huenda zikatoka kwenye mitihani ya miaka miwili tofauti. Mwongozo wa udahili useme kwa maandishi, kwa lugha nyepesi, kuwa zinahesabika sawasawa na za mwenzake. Siku akirudi kijijini kwao na stashahada, hakuna mwalimu wa darasani atakayehitajika kumfundisha jinsi ya kuzungumza na msichana aliyeogopa.

Wapo watakaosema ubora utashuka, na kwamba dawa ni kupandisha kizingiti, kama ilivyofanyika kwa ualimu, ambako siku hizi hutakiwa daraja la kwanza hadi la tatu. Wasiwasi huo ni wa haki. Taaluma inayogusa maisha ya watoto haipaswi kuwa kimbilio la aliyekosa nafasi kwingine, na ukweli ni kwamba baadhi wanaingia hivyo. Lakini kupandisha alama peke yake kutaifungia nje Mpimbwe kabla ya Kinondoni. Mimi ningebakisha D nne, nikaongeza masharti mawili: ufaulu mzuri wa Kiswahili, na usaili wa ana kwa ana. Najua usaili hufungua mlango wa kujuana na bahasha. Ndiyo maana wasaili wawe zaidi ya mmoja, alama ziandikwe, na mwombaji awe na haki ya kuziona.

Sharti la Kiswahili nalitetea kwa nguvu zote. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Mahakama ya watoto hutegemea taarifa ya afisa ustawi kuhusu nyumbani kwa mtoto, malezi yake na hatari zinazomzunguka. Mhitimu wetu amefundishwa kuandika taarifa hiyo kwa Kiingereza, anamhoji mtoto kwa Kiswahili, na bibi wa mtoto anajibu kwa Kisukuma au Kipimbwe. Mtaala mpya uwe na somo kamili la uandishi wa taarifa za kesi kwa Kiswahili, na mwanafunzi wa mkoa kama Katavi ahimizwe kujifunza japo lugha moja ya huko.

Uwe pia na mambo ambayo vitabu vya nje havina. Chagulaga, ambapo vijana wa kiume humzunguka msichana hadi amtaje mmoja wao. Lambalamba, wapiga ramli wanaoingia kijijini wakaondoka wakiwa wamemwachia bibi mmoja jina la uchawi na hofu ya kuuawa. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, ambao wanaweza kumwokoa mtoto usiku, na wanaweza kumpiga. Afisa asiyejua kukaa kwenye baraza na watu hawa, akajua lini anyamaze na lini aseme sheria imevunjwa, hatamaliza mwaka. Mradi wa PROSOWO, uliounganisha vyuo vya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda pamoja na chuo kimoja cha Austria kuanzia mwaka 2011, ulichunguza hasa suala hili la kuifanya taaluma ifanane na jamii zetu. Viwango vya kimataifa vya mafunzo ya ustawi wa jamii vilivyotolewa mwaka 2020 navyo vinataka maarifa ya wenyeji yapewe nafasi darasani. Kwa hiyo hatuombi upendeleo.

Na fildi ibadilike. Wiki chache katika ofisi ya mjini, mwanafunzi akipanga mafaili na kutoa fotokopi, si mafunzo kwa vitendo. Atumwe kata kama Majimoto tangu mvua zinapoanza hadi mpunga unapovunwa, apewe nauli na posho ya kula, na asimamiwe na mtu aliye ndani ya halmashauri, si mhadhiri anayefika mara moja kusaini daftari.

Haya yote hayana maana kama hakuna ajira. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa kila mtoto katika eneo lake. Wajibu huo hautekelezwi na ofisa wa makao makuu ya halmashauri anayesubiri gari lenye mafuta ili afike kwenye kata zake. Nafasi ya msaidizi wa ustawi wa jamii iwekwe kwenye ikama ya kila kata, na iwekewe bajeti.

Ombi langu kwa NACTVET na vyuo vyote vinavyofundisha kozi hii: mtaala ujao utakapoitishiwa wadau, msiishie Dar es Salaam na Dodoma. Waiteni mtendaji wa kata, mwalimu wa malezi, nesi wa zahanati na askari wa dawati la jinsia kutoka Mpimbwe. Wapeni rasimu kwa Kiswahili mwezi mmoja kabla, na watakachokisema kiandikwe ndani ya mtaala.