Dukani hakosei chenji, kwenye daftari anakwama

Mzazi, umewahi kumtuma mtoto dukani na noti ya Sh10,000, akarudi na unga, mafuta na chenji kamili, halafu jioni hiyohiyo akakwama kwenye hesabu za shule? Wengi wetu hapo ndipo tunapopandisha sauti, na neno "mzito" hutoka.

Mwaka 1985 watafiti Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha walichokiona jijini Recife, Brazil. Waliwaendea kama wateja watoto watano wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni. Nazi kadhaa ni bei gani? Nikikupa noti hii, utanirudishia ngapi? Watoto walipatia asilimia 98 ya maswali. Baadaye walewale walipewa hesabu zilezile zikiwa namba tupu, wakapatia asilimia 37. Zilipowekwa kwenye hadithi fupi, walifika karibu asilimia 74.

Muuza nazi mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi 4, kila moja 35. Alianza na bei ya nazi tatu, 105, akaongeza 30, kisha 5: 140. Kwenye karatasi, 35 mara 4 ikawa 200. Nne mara tano 20, beba 2. Akaijumlisha 2 na 3 kabla ya kuzidisha. Sokoni mteja angeguna papo hapo. Karatasi haiguni.

Mtoto huyu hesabu anaijua. Aliijenga mwenyewe, kwa kushika nazi na kubishana na wateja. Kanuni ya kubeba alipewa tu, akaikumbuka nusu.

Sisemi tuwapeleke watoto wakachuuze. Mtihani uko kwenye karatasi, lazima waiweze. Lakini anzia anapopajua. Igeuze 35 mara 4 kuwa mafungu ya mchicha, mwache ahesabu kwa njia yake na akueleze alivyofika, ndipo muandike pamoja. Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, aliyefariki 1934, alisema anachoweza mtoto leo kwa kusaidiwa, kesho atakiweza peke yake. Kusaidiwa, si kufanyiwa. Hapo wengi tunateleza, hasa tukiwa tumechoka na kazi.

Na ukimtuma dukani, usimtajie chenji atakayorudishiwa. Muulize yeye kabla hajatoka mlangoni.