Rushwa Inapoitwa Kinywaji

Awasse, njiapanda ya wilaya ya Mocímboa da Praia nchini Msumbiji, ni mahali ambapo Kimakonde, Kimwani, Kiswahili na Kireno hukutana. Anayezilinganisha lugha jirani za namna hii hugundua kwamba misemo hufanana pale maisha yanapofanana. Mla rushwa wa Tanzania huomba chai. Katika Kireno cha Msumbiji huomba "refresco", yaani kinywaji baridi. Angola ni "gasosa", soda. Kote aibu hufunikwa kwa jina la kinywaji, kwa kuwa kukirimu ni heshima, naye mla rushwa hujificha nyuma ya heshima hiyo.

Huenda mtu akasema misemo hii imeazimwa tu. Kuazima kupo, lakini hakuelezi kila kitu. "Mata-bicho" ya Kireno ni kifungua kinywa nchini Msumbiji. Kongo, "matabiche" ni bakshishi, hata hongo. Neno lilisafiri, maana ikaamuliwa na wenyeji. Na pasipo kuazimana, Mswahili hujaza kibaba kwa haba na haba, huku Mreno akisema kuku hushiba punje kwa punje. Basi tusiudharau msemo wa jirani. Tuulize husemwa lini na huambiwa nani, ndipo tutakapomwelewa.