Hatifungani za Miji: Nani Anakopesha, Nani Analipa?

Katika miaka ya karibuni limeingia katika vikao vya halmashauri zetu neno ambalo zamani lilisikika Benki Kuu na Hazina tu: hatifungani. Madiwani wanalitaja, wakurugenzi wanaliandika katika mipango yao, na katika madarasa ya makada hapa Musoma, Bunda na Butiama hatumalizi somo la uchumi bila mwanafunzi kuuliza kama kukopa kwa njia hii si kuuweka mji rehani. Swali hilo halistahili kupuuzwa. Mara nyingi hujibiwa kihasibu, kwa hesabu za riba na miaka, na muulizaji huondoka na wasiwasi wake ule ule. Katika makala hii tutajaribu kulijibu kisiasa, lakini hapana budi tuanze na maana ya kitu chenyewe.

Hatifungani ni hati ya deni. Mji unauambia umma: tupeni shilingi milioni moja leo, kila baada ya miezi sita tutawalipa riba, na muda ukitimia tutawarudishia milioni yenu. Hadi hapo haitofautiani sana na mkopo wa benki. Tofauti ni kwamba wakopeshaji ni wengi badala ya mmoja, masharti yanatangazwa hadharani kabla ya mtu kutoa hata senti, na mwenye hati akihitaji fedha zake mapema anaweza kumwuzia mwingine katika Soko la Hisa. Wala tusiichanganye na hisa. Mwenye hisa ni mshiriki katika mali. Mwenye hatifungani ni mdai tu, hana kiti barazani wala kura. Kwamba mdai asiye na kura anaweza siku moja kuwa na sauti kubwa kuliko baraza lenyewe, hilo tutaliona baadaye.

Mfano tulio nao hapa nchini ni wa Tanga. Mwezi wa Februari 2024 Mamlaka ya Maji na Usafi wa Mazingira ya Tanga ilitoa hatifungani ya miaka kumi yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, inayolipwa mara mbili kwa mwaka. Fedha hizo zilikusudiwa kupanua mitambo na mabomba ili uzalishaji wa maji upande kutoka lita milioni 45 hadi lita milioni 60 kwa siku. Umma uliitikia: maombi yalifika asilimia 103 ya kiasi kilichotakiwa, na mwezi wa Mei mwaka ule hatifungani ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ulikuwapo msaada wa kitaalamu wa Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Maendeleo ya Mitaji, kwa hiyo wanaosema Tanga ilifanya yote peke yake wanatia chumvi. Hata hivyo jambo kubwa lilifanyika. Chombo cha umma nje ya Serikali Kuu kilikwenda kwa wenye akiba, kikaonyesha vitabu vyake, kikaaminiwa.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Asilimia 13.5 ya bilioni 53.12 ni kama shilingi bilioni 7.17. Hiyo ndiyo riba ya mwaka mmoja wakati deni lote bado halijapunguzwa. Inatoka wapi? Inatoka katika ankara ya maji. Hatifungani ya namna hii haidhaminiwi na kodi zote za mji bali na mapato ya mradi wenyewe, yaani mama anayefungua bomba Muheza na mwenye nyumba ya wageni Tanga mjini ndio wanaolipa. Na bei ya maji haipangwi na mamlaka peke yake. Huidhinishwa na EWURA. Kwa hiyo mkopeshaji, kabla ya kutoa fedha, hutaka kujua kama bei itaruhusiwa kupanda pale gharama zitakapopanda. Hapo ndipo siasa inapoanza. Bei ikizuiwa kwa nia njema ya kuwalinda wanyonge, deni halilipiki. Bei ikiachwa ipande bila mpango, mwenye bomba nyumbani atalalamika lakini atalipa. Mnunuzi wa ndoo kwenye kioski atarudi mtoni. Tunaona kwamba mji wowote utakaofuata njia ya Tanga unapaswa kwanza kuamua bei ya kioski, na kuiamua hadharani, kabla ya kuamua kiasi cha kukopa. Wengi hupenda kuanza na kiasi cha kukopa kwa sababu ndicho kinachovutia magazeti.

Na hao wenye akiba ni nani? Kada asidhani kwamba kila mwenye hatifungani ni bepari mwenye tumbo kubwa. Wakopeshaji wakubwa katika soko letu ni mabenki, makampuni ya bima, mifuko ya uwekezaji wa pamoja na mifuko ya pensheni. Fedha za mifuko ya pensheni ni jasho la mwalimu, mwuguzi na karani. Kwa hiyo mji unapokopa kwa hatifungani, mara nyingi wafanyakazi wanaukopesha mji bila wenyewe kujua, na mji ukishindwa kulipa, ni uzee wa mwalimu unaopunguka. Lakini tusijidanganye upande wa pili pia. Mkulima wa pamba wa Bunda hana akiba ya kununulia hati, bali ana ndoo ya maji ya kulipia. Fedha zinatoka kwake kwenda kwa mwenye akiba. Huo ni ukweli wa kila deni lenye riba, na haufai kufichwa kwa maneno mazuri ya ushirikishwaji.

Wako wanaosema: kwa nini basi tusiendelee na mikopo nafuu ya nje? Hapa kwetu mfano uko karibu. Mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 70, uligharimiwa na Serikali pamoja na Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi Afrika na Mfuko wa Maendeleo wa Saudia. Jiwe la msingi liliwekwa mwezi wa Februari 2022. Mikopo ya namna hii ina riba ndogo na muda mrefu, na hakuna hatifungani ya shilingi itakayoishinda kwa urahisi wa riba. Lakini ina mambo mawili ambayo hayaonekani katika hesabu ya riba. Kwanza, hudaiwa kwa fedha za kigeni. Shilingi ikishuka, deni linavimba bila mtu kukopa tena. Pili, husubiriwa. Azimio la Arusha lilionya mapema, mwaka 1967, juu ya nchi inayofanya mikopo na misaada ya nje kuwa nguzo ya mipango yake, na yeyote aliyeishi karibu na ziwa akiyaona maji kwa macho huku bomba limekauka anajua kusubiri ni nini. Deni la shilingi, kwa wakopeshaji wa humu humu, ni ghali zaidi lakini ni letu. Sisi hatusemi moja lifute lingine. Tunasema miradi isiyoweza kujilipa, kama bomba la vijiji vilivyotawanyika, itafutiwe ruzuku na mikopo nafuu, na ile inayojilipa iende sokoni.

Je, soko lina fedha? Linazo. Mwaka 2022 Serikali iliondoa kodi katika riba ya hatifungani za makampuni na za manispaa zinazoorodheshwa Dar es Salaam, na baada ya Tanga lilikuja jambo lililowashangaza wengi. Mwishoni mwa 2024 Benki ya CRDB ilitangaza hatifungani ya miundombinu iliyopewa jina la Samia, ya miaka mitano kwa riba ya asilimia 12, ikiomba shilingi bilioni 150 za kuwakopesha makandarasi wa TARURA. Ilipata bilioni 323. Yaani akiba ipo, na inatafuta mahali pa kwenda. Lakini tuangalie vizuri: iliyokopa ni benki, na barabara ni za wakala wa Serikali Kuu ulioanzishwa mwaka 2017. Halmashauri ambayo mitaa yake inatengenezwa haimo katika hati hiyo mahali popote.

Hapo tunafika kwenye kiini. Kinachokosekana katika soko la hatifungani za miji si wakopeshaji, ni mkopaji. Mji unaotaka kuaminiwa kwa miaka kumi unapaswa kuwa na mapato ambayo ni yake kwa miaka kumi. Tuitazame historia. Mwaka 1972, katika mpango wa madaraka mikoani, halmashauri zilivunjwa. Miji ikachakaa, takataka zikajaa, kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe kwa haraka. Sheria za 1982 zilizirudisha serikali za mitaa zote, zikaanza kazi 1984. Na sheria ya fedha ya mwaka huo wa 1982 iliziruhusu kukopa kwa idhini ya Waziri. Mwalimu, aliyezikwa hapa Mwitongo, alisema mwaka 1984 kwamba kuvunjwa kwa serikali za mitaa lilikuwa jambo ambalo asingelirudia. Basi haki ya kukopa ipo katika vitabu kwa zaidi ya miaka arobaini, na haikutumika sokoni.

Sababu inaonekana katika upande wa mapato. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo na ushuru mwingi mdogo mdogo ulifutwa; wananchi walifurahi, na kwa haki, maana ukusanyaji wake ulikuwa wa kudhalilisha. Mwaka 2016 kodi ya majengo, ambayo duniani kote ndiyo kodi ya mji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2017 ada za mabango zikafuata, na ushuru wa mazao ukapunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mwaka 2021 kodi ya majengo ikaanza kukatwa katika umeme wa LUKU. Hatujadili hapa kama kila uamuzi ulikuwa na faida yake. Baadhi ulikuwa nayo. Tunajiweka mahali pa mfuko wa pensheni unaoombwa kuikopesha Manispaa ya Musoma hadi mwaka 2035. Utauliza: mapato mnayoniahidi leo, nani ananihakikishia hayatahamishwa na Sheria ya Fedha ya Juni ijayo? Mkurugenzi hana jibu, kwa sababu jibu haliko Musoma.

Mamlaka ya maji ya Tanga iliaminiwa kwa sababu ankara ya maji ilikuwa mkononi mwake. Ndiyo maana tunaona njia ya karibu kwa miji yetu ni ya mamlaka za maji, kisha miradi yenye mlango wa kukusanyia ushuru: stendi ya Bunda katika barabara kuu ya Mwanza na Sirari, au soko na mwalo wa Mwigobero pale Musoma. Hatifungani ya madarasa au zahanati ni ndoto; hayo ni ya kodi, siyo ya riba. Na hata stendi moja ni ndogo mno. Gharama za wanasheria, wakaguzi na washauri hazipungui kwa sababu mji ni mdogo, kwa hiyo Musoma, Bunda na wenzao wa Kanda ya Ziwa hawana budi kufikiria kukopa pamoja.

Tulisema mdai asiye na kura anaweza kulishinda baraza. Mwaka 1975 mabenki yalikataa kuuza tena hati za jiji la New York. Kwa miezi michache maamuzi ya bajeti yakahamia kwa bodi za udhibiti zilizoundwa na jimbo, maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wakaachishwa, na mwaka 1976 chuo kikuu cha jiji, kilichokuwa cha bure tangu karne ya 19, kikaanza kutoza karo. Mwezi wa Oktoba 1975 jiji liliokolewa kwenye ukingo wa kufilisika na mfuko wa pensheni wa walimu. New York ilikuwa imekopa kwa muda mfupi mfupi ili kulipia matumizi ya kila siku, na hilo ndilo kosa lililoifikisha hapo. Kuna hatari nyingine ya upande wa pili. Mwaka 2015 Dakar ilikuwa tayari kutoa hatifungani ya kujengea soko la wachuuzi. Serikali ya Senegal ikaondoa kibali siku za mwisho, wakati meya na Rais walikuwa wapinzani. Johannesburg imekuwa ikitoa zake tangu 2004, lakini ni jiji linalokusanya kodi zake lenyewe.

Hatifungani ya Tanga itaiva mwaka 2034. Kati ya kuuzwa kwake na kuiva kwake kuna chaguzi kuu mbili, ya 2025 na ya 2030. Baraza linalochaguliwa kwa miaka mitano linapoipitisha hati ya miaka kumi, linawafunga madiwani ambao bado hawajachukua fomu. Kwa hiyo muhtasari wa kikao hicho, wenye hesabu ya riba, bei iliyokubaliwa ya kioski na orodha ya mapato yaliyowekwa dhamana, ubandikwe katika ofisi ya kila kata na usomwe katika mkutano wa kila mtaa, kabla ya idhini ya Waziri kuombwa.