Kuhamia Tarakilishi Mpya: Faili, Mipangilio na Amana ya Mtafiti

Utangulizi

Kazi ya mwanafunzi anayeandaa tasnifu haimo katika sura alizoziandika pekee. Imo pia katika rekodi za mahojiano aliyoyafanya nyanjani, picha za miswada, orodha ya marejeleo, na hata msamiati ambao ameifunza tarakilishi yake kwa miaka kadhaa. Anapopata mtambo mpya, aghalabu huzihamisha sura na kuyasahau hayo mengine. Wengi wamelazimika kuhama tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025. Makala haya yanafafanua ni vitu gani vinavyohamishwa, vinakohifadhiwa, na utaratibu wa kuvihamisha bila hasara. Mifano yetu ni ya mfumo wa Windows.

Faili na mipangilio

Faili binafsi ni zile ambazo mtumiaji ameziunda au kuzipokea: hati, picha, sauti na video. Hizi huonekana wazi, na kuzinakili si kazi ngumu.

Mipangilio, kwa upande mwingine, ni maamuzi ya mtumiaji ambayo programu imeyahifadhi: aina ya hati anayoipendelea, alamisho za kivinjari, nywila na violezo. Sehemu kubwa ya mipangilio hukaa katika folda iitwayo AppData, ambayo Windows huificha. Nyingine hukaa katika sajili ya mfumo wenyewe. Kwa hivyo, anayenakili folda ya Documents peke yake huiacha mipangilio nyuma bila kujua.

Chukua mfano wa kamusi binafsi ya Word. Mtumiaji anapoamuru neno lililopigiwa mstari mwekundu liongezwe katika kamusi, Word kwa kawaida huliandika katika faili iitwayo CUSTOM.DIC, ndani ya folda ndogo ya UProof iliyomo katika AppData. Faili hii ni matini tupu, kila neno na mstari wake. Maneno 1,000 ndani yake hayafiki hata kilobaiti 50, lakini ni zao la miaka ya kusahihisha istilahi, majina ya watu na misamiati ya lahaja. Karibu nayo, katika folda ya Templates, mna kiolezo cha Normal.dotm kinachohifadhi mitindo ya uandishi.

Ikumbukwe kwamba programu zenyewe hazihami kwa kunakiliwa. Sharti zisakinishwe upya, kwa kuwa usakinishaji huziandikisha katika sajili ya mfumo. Windows XP ya mwaka wa 2001 ilikuwa na zana ya kuhamisha faili na mipangilio, na Vista ya 2007 ikaja na Windows Easy Transfer. Windows 10 ilipotoka mwaka wa 2015 haikuwa na zana hiyo. Ndiyo sababu ni muhimu mtumiaji aelewe mwenyewe kinachohama.

Utaratibu wa kuhamisha

Kwanza, andaa orodha. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Orodhesha folda, programu na mipangilio ya kila programu.

Pili, nakili, usikate na kubandika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, nakala ya kwanza ingali salama. Aidha, diski iliyoumbizwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Video ndefu ya ngoma au ya mahojiano yahitaji diski ya exFAT au NTFS.

Tatu, sakinisha programu katika mtambo mpya, uzifunge, kisha uirejeshe mipangilio mahali pake. Baadhi ya faili hutegemeana. Katika Firefox, mathalani, nywila zimo katika logins.json na ufunguo wake umo katika key4.db, moja bila nyingine haifai kitu.

Nne, hakiki. Linganisha idadi ya faili na ukubwa wake, kisha ufungue baadhi na kuzisikiliza rekodi. Jina la faili kuonekana si thibitisho kwamba yaliyomo yapo.

Tano, usiuze wala kugawa mtambo wa zamani kabla ya kuitumia tarakilishi mpya kwa majuma kadhaa. Ukishajiridhisha, ifute diski ya zamani kikamilifu. Faili iliyofutwa kwa njia ya kawaida yaweza kurejeshwa na mtu mwingine, ilhali mtafiti aliwaahidi watoa habari wake kwamba majina yao yatakuwa siri.

Hitimisho

Imebainika kwamba kuhamia tarakilishi mpya si suala la ufundi tu, bali pia ni sehemu ya uhifadhi wa data ya utafiti na maadili yake. Mzee aliyehojiwa jana huenda asipatikane kesho, na rekodi yake ikipotea hainunuliki dukani. Ni vyema basi mwanafunzi aitenge siku nzima kwa kazi hii, orodha ikiwa mkononi.